Mzee Anapohitajiwa: Mhadhara kuhusu Nafasi ya Wazee katika Shughuli za Jamii

Suala la uzee linastahili jioni nzima ya mazungumzo ya wazi, badala ya kutajwa kwa haraka kila tarehe 1 Oktoba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Wazee iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Heshima ya pekee inawastahili wale waliopanda ngazi za jengo hili kwa msaada wa bakora na mabega ya wajukuu zao. Ngazi hizo zitatajwa tena katika hoja ya tano.

Kusudi la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba juhudi za kumuunganisha mzee na shughuli za jamii, kwa ajili ya afya na utulivu wa moyo wake, hufaulu pale jamii inapomhitaji kwa jambo analolijua, na hudhoofika pale anapoalikwa kwa huruma tu. Hoja tano zitatolewa, na hazina uzito mmoja. Ya pili na ya tatu zitachukua sehemu kubwa ya muda kwa sababu ndimo yalimo mambo ambayo jamii inaweza kuyatenda bila kusubiri bajeti. Mifano mingi itatoka Zanzibar na Tanzania Bara, na mingine itachukuliwa kutoka Kenya, Zimbabwe na Afrika Kusini, mahali ambapo wazee wenyewe wameonyesha njia.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa mapema. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee anapofikisha umri wa miaka 60, na ndiyo maana itakayotumika hapa, isipokuwa pale inapozungumzwa pensheni ya Zanzibar, ambayo huanza miaka 70. Utengano wa kijamii ni hali inayoweza kuonekana na kuhesabiwa, yaani mtu kuwa na watu wachache wa kukutana nao na shughuli chache za kushiriki. Upweke, kwa upande mwingine, ni maumivu anayoyahisi mtu mwenyewe anapoona kwamba uhusiano alio nao haumtoshi, na kwa hiyo mtu anaweza kuwa mpweke katikati ya watu, kama vile anavyoweza kuishi peke yake bila upweke wowote. Ustawi utachukuliwa kuwa jumla ya afya ya mwili, utulivu wa akili na hisia ya kuwa na nafasi miongoni mwa watu.

Idadi nayo itajwe kwa ufupi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu Watanzania wenye umri wa miaka 60 na zaidi kuwa takriban milioni 2.5, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta takriban milioni 3.5. Ongezeko la watu milioni moja katika miaka kumi linatosha kuonyesha kwamba jambo linalozungumziwa haliwahusu watu wachache walio pembezoni.

1. Upweke ni suala la afya

Hoja ya kwanza ni kwamba kukosa watu hudhuru mwili. Mwaka 2010, mtafiti Julianne Holt-Lunstad wa Marekani na wenzake walichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 148 zenye washiriki zaidi ya 308,000, wakaona kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha utafiti kuliko wale wenye uhusiano dhaifu. Mwezi Juni 2025, Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia uhusiano wa kijamii ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani anaathiriwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka, ukiongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo, kisukari na kudhoofika kwa uwezo wa kufikiri.

Pingamizi moja husikika kila takwimu hizi zinapotajwa, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba upweke ni maradhi ya miji ya Ulaya, ambako mzee huishi peke yake ghorofani, na kwamba mzee wa Afrika Mashariki yumo ndani ya familia kubwa. Ni kweli kwamba wazee wengi huku huishi na watoto au wajukuu. Lakini hebu itazamwe siku ya kawaida katika nyumba yenye watu wanane: ifikapo saa mbili asubuhi watoto wako shule, wakubwa wako shambani, sokoni au kazini, na mzee ameachiwa ufunguo na ulinzi wa kuku. Wanaporudi jioni wamechoka, chakula kinapakuliwa, kila kijana anainamia simu yake, na maneno ambayo mzee ameambiwa tangu alfajiri huenda yakawa ya salamu na ya kuulizwa kama amekunywa dawa. Nyumba hiyo imejaa watu kwenye hesabu za sensa, na bado mtu mmoja ndani yake amepitisha siku nzima bila mazungumzo. Wanaotaka kupunguza upweke wa wazee wasianze kwa kuuliza mzee anaishi na nani. Waulize anazungumza na nani, na juu ya nini.

2. Kuhitajiwa huleta zaidi kuliko kuburudishwa

Hoja ya pili ndiyo kiini cha mhadhara huu. Mipango mingi ya kuwashirikisha wazee huanza na swali la namna ya kuwapumbaza: waletewe televisheni, waandaliwe chakula cha pamoja mara moja kwa mwaka, wapelekwe matembezi. Hakuna ubaya katika hayo, lakini hayamrudishii mzee kile alichopoteza, ambacho ni nafasi ya mtu ambaye akikosekana, kazi inaharibika.

Msimu wa karafuu kisiwani Pemba unaonyesha jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Vijana hupanda mikarafuu mchana kwa sababu kazi hiyo inataka miguu na mikono yenye nguvu, lakini karafuu zikishafikishwa nyumbani huanza kazi nyingine, kuchambua, ambayo hufanywa kwa kukaa kitako jamvini, mara nyingi hadi usiku. Kishada hushikwa kwa mkono mmoja, kikabanwa kwenye kiganja cha mkono wa pili na kuzungushwa kidogo, punje zikaanguka upande mmoja na makonyo yakatupwa upande mwingine. Bibi wa miaka 75 ambaye magoti yamemkatalia kutembea hadi shambani huweza kuifanya kazi hiyo kwa kasi inayowashinda wajukuu, na hapo hapo akawaelekeza watoto waliolizunguka karai, akakumbusha msimu fulani ulivyokuwa mzuri, akauliza habari za shamba la jirani, akaamua ugomvi wa nani amechambua nyingi. Siku inayofuata karafuu huanikwa juani, na hapo tena jicho lililozoea ndilo linalojua zianuliwe lini zisije zikapata mvua. Hakuna mtu aliyepanga mkutano huo kwa ajili ya ustawi wa bibi. Amekaa na watu kwa sababu kazi yake inatakiwa, na mazungumzo yamekuja pamoja na kazi.

Marehemu Fatuma binti Baraka, anayejulikana na wengi hapa kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ni shahidi mwingine wa hoja hii. Dunia ilimfahamu kwa taarab, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX akiwa tayari ni bibi mzee sana. Lakini mjini Unguja alijulikana pia kama mwalimu wa unyago, aliyeendelea kuitwa kuwafunza wasichana wanaokaribia ndoa katika umri ambao wengine hudhani mtu hana tena la kufundisha. Alifuatwa kwa sababu alikuwa na elimu ambayo wengine hawakuwa nayo.

Mfano mwingine, uliopimwa kitaalamu, unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na jukumu la kutoa huduma ya afya ya akili katika eneo la Mbare, mjini Harare, bila chumba na bila wauguzi wa kumsaidia. Alichopata ni akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii, pamoja na nafasi ya nje, chini ya miti ya zahanati. Huko ndiko kulikowekwa benchi la mbao, na mpango ukaitwa Benchi la Urafiki. Bibi huketi na mtu aliyelemewa na kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kisha humwongoza kwa hatua: kwanza kuyataja matatizo yake yote, halafu kuchagua moja linaloweza kuanza kushughulikiwa, halafu kutafuta la kufanya na kurudi kueleza lilivyokwenda. Hatua hizo zinatokana na tiba ya kutatua matatizo, njia inayojulikana katika saikolojia, lakini lugha yake ni ya bibi na mjukuu.

Matokeo ya jaribio lililofanywa katika zahanati za Harare kwa washiriki 573 yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliohudumiwa na benchi walikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni kubwa ya kudumu inayohitaji tiba, ikilinganishwa na takriban asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Tiba haikuishia benchini pia: waliomaliza vikao vyao walikaribishwa katika vikundi vya kukutana, ambako walifuma mikoba kwa nyuzi za plastiki iliyokwisha kutumika, wakizungumza mikono ikiwa kazini. Mpango huo umevuka mipaka na kufika nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo.

Wasikilizaji wanaombwa waizingatie hatua iliyochukuliwa Mbare. Wapangaji wengi wangewaona mabibi wale 14 kama watu wa kuhudumiwa, wakawaandalia kituo cha mchana na uji. Chibanda aliwaona kama watoa huduma, akawapa mafunzo, benchi na jina la kazi, na jiji zima likapata tiba ambayo halikuwa na madaktari wa kuitoa. Kila shehia na kila mtaa una wazee wa namna hiyo, na linalokosekana kwa kawaida ni mtu wa kuwapelekea kazi.

3. Mikusanyiko ipo tayari, lakini milango yake haiko wazi kwa wote

Hoja ya tatu ni kwamba katika Afrika Mashariki hakuna haja ya kuanza kujenga vituo vipya kabla ya kuitazama mikusanyiko iliyopo. Pwani ina baraza za mawe mbele ya nyumba, misikiti yenye darsa baada ya sala, makanisa yenye jumuiya ndogondogo, vijiwe vya kahawa kama kile cha Jaws Corner katika Mji Mkongwe, maulidi, hitima, harusi na misiba. Wazee wa kiume hukutana barazani kwa bao, mchezo wenye mashimo 32 na kete 64, ambao humlazimisha mchezaji kuhesabu mbele mizunguko kadhaa na kukumbuka alichokifanya mwenzake tangu mwanzo. Mzee anayecheza bao kila alasiri ana mazoezi ya akili, mashabiki, wapinzani, na watu watakaomuulizia asipotokea siku mbili. Hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu mzee aliyeanguka chumbani mwake huokolewa na wale wanaojua kwamba saa kumi alasiri alitakiwa awe mahali fulani.

Lakini baraza ya bao ni ya wanaume, na hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Bibi mjane ana mikusanyiko yake, nayo ni mingi, ila karibu yote humdai kitu. Hawezi kwenda harusini bila mchango, wala msibani bila rambirambi, wala kwenye kikundi cha kuweka na kukopa bila hisa ya wiki hiyo, wala popote bila sabuni ya kufulia kanga yake. Akikosa mara ya kwanza atatoa udhuru, mara ya pili atasema anaumwa, na mara ya tatu hataitwa. Umaskini wa uzeeni hufunga milango kimya kimya namna hii, na jamaa zake wakaamini kwamba bibi amependa kukaa ndani.

Kwa sababu hiyo pensheni isitazamwe kama fedha za chakula pekee. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na kiwango hicho kimepandishwa baadaye. Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, ilipanua malipo ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi mwaka 2018 yawafikie wazee wote wa umri huo. Katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kutoa pensheni ndogo kwa wazee, wengi wao akina bibi waliobaki wakilea wajukuu baada ya UKIMWI kuwachukua watoto wao, na likawaunganisha katika vikundi vya kusaidiana. Tathmini ya mpango huo iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, vitu vitatu ambavyo mtu asiye navyo hupata haya ya kuonekana mbele za watu. Mzee mwenye elfu mbili ya rambirambi hurudi katika mzunguko wa watu, na huko atapata yale ambayo wizara haiwezi kumpa.

Kuna fursa moja ambayo haijatumiwa ipasavyo. Malipo ya Zanzibar yalipoanza yalifanywa kwa fedha taslimu katika vituo vilivyo karibu na makazi, na wazee wa jirani, wengi wao hawajaonana kwa wiki, wakajikuta wamekaa pamoja wakisubiri zamu. Malipo kwa simu na benki ni salama zaidi na hayamchoshi mgonjwa, lakini huondoa mkutano huo. Linalofaa ni kuacha fedha zipite kwenye simu na kuibakiza siku: siku moja ya mwezi, mahali pamoja pa shehia, ambapo muuguzi hupima shinikizo la damu, sheha husikiliza malalamiko, kikundi cha ukili huuza mikeka yake, na mzee ambaye hakufika huandikwa jina ili atembelewe kabla ya jua kuzama.

4. Mzee anayejulikana hulindwa

Hoja ya nne ni nzito, na itasemwa kwa uchache wa maneno. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na maeneo ya jirani, hasa Shinyanga na Mwanza, wazee, na zaidi wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya mambo yaliyochukuliwa kuwa ishara ni macho mekundu. Macho hayo yana sababu inayojulikana na kila aliyewahi kupika kwenye chumba kisicho na dirisha: moshi wa kuni na wa samadi kavu, kwa miongo mizima. Baadhi ya waliofanya kazi ya kuwalinda wazee hao walianza kwa majiko sanifu yanayopunguza moshi, pamoja na mikutano ya kijiji iliyowaketisha wazee, vijana, waganga na sungusungu mahali pamoja.

Sababu za mauaji hayo ni nyingi, zikiwemo ugomvi wa ardhi na urithi, na hakuna atakayedai kwamba kikundi cha kusuka kingemaliza yote. Hata hivyo, uvumi humshika kwa urahisi mtu ambaye hakuna anayejua habari zake. Bibi anayekaa kila Alhamisi na wanawake wa rika zote, ambaye watoto wa jirani wamejifunza kwake kusoma au kufuma, ana mashahidi wa maisha yake, na maneno yanapoanza kusemwa, wapo wa kuyakanusha siku hiyo hiyo. Kumshirikisha mzee katika mambo ya jamii ni kumwekea ulinzi, na jambo hili liandikwe katika mipango ya usalama ya vijiji.

5. Vizuizi vingi ni vidogo na vinaondoleka

Hoja ya tano inarudi kwenye ngazi. Mzee haachi kushiriki kwa sababu amechoka na dunia. Mara nyingi ameacha kwa sababu ya ngazi kumi zisizo na mahali pa kushika, choo kilicho mbali na ukumbi, daladala isiyosubiri mguu wa pili ukanyage ndani, mkutano unaoanza saa moja usiku, na mzungumzaji anayemezwa na kelele za feni. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuondolewa na kamati ya maandalizi iliyomuuliza mzee mmoja kabla ya kupanga.

Macho yanahitaji kutajwa peke yake. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, karibu kila mtu hupungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya karibu, na miwani ya kawaida ya kusomea hurekebisha hali hiyo kwa gharama ndogo. Katika jaribio lililofanywa Assam, nchini India, kwa wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, waliopewa miwani hiyo waliongeza kiasi walichochuma kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao. Mshona kofia za viua ambaye ameiweka sindano chini miaka mitano iliyopita, akidhani uzee umemaliza kazi yake, huenda anahitaji miwani tu.

Kizuizi kingine kimo katika fikra za watu kuhusu jambo gani linamfaa mzee. Mwezi Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84, na mwaka uliofuata alikwenda New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi ya bure. Huko Nkowankowa, katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya akina bibi wakaanza kucheza kandanda, na mwaka 2010 timu yao ya Vakhegula Vakhegula ilisafiri hadi Massachusetts, Marekani, kushindana. Watanzania wenye umri mkubwa ukumbini watakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, wakubwa na wazee wakiwa wanafunzi. Nchi iliyoweza kufanya hivyo wakati barabara zilikuwa chache na redio ya betri ilikuwa anasa haishindwi leo kuandaa kikundi cha wazee katika kila mtaa.

Tahadhari moja inabidi iambatane na hoja zote tano. Kumhitaji mzee kusigeuke kuwa kumtumikisha, hasa bibi ambaye tayari analea wajukuu wanne na kupika kwa ajili ya wote. Kwake yeye, mchango mkubwa wa jamii huenda ukawa kumpokea watoto kwa saa mbili ili apate kwenda anakopenda. Vilevile, mzee ana haki ya kukataa. Wapo wanaopenda utulivu, kusoma au ibada zao, na mtu wa namna hiyo aheshimiwe bila kutajwa kama tatizo. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili kwa uwiano unaofaa, pale inapoiagiza dola kuchukua hatua za kuhakikisha haki ya wazee ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, na kuishi kwa staha na heshima, mambo ambayo mtu hawezi kuyafurahia kwa kulazimishwa.

Yaliyo mbele

Kazi inayofuata inahitaji mtu wa kuifanya, na hapo lipo jambo la kujifunza kutoka Uingereza. Mpango wa huduma za afya uliotangazwa huko Januari 2019 uliahidi kuajiri waunganishi zaidi ya 1,000, yaani watumishi ambao daktari huwapelekea mgonjwa anayehitaji watu kuliko vidonge, nao wakamkutanisha na kikundi cha bustani, kwaya au matembezi. Zanzibar haihitaji kuajiri kada mpya. Wahudumu wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya tayari huzuru kaya wakiwa na orodha ya maswali kwenye simu, wakifuatilia zaidi afya ya mama na mtoto. Yakiongezwa maswali mawili, moja la kuuliza kama mzee wa nyumba ametoka kukutana na watu wiki hiyo, na jingine la kuuliza ni kazi gani anaijua vizuri kuliko majirani zake, kila shehia itakuwa na daftari la upweke na daftari la ujuzi kwa pamoja, na sheha ataweza kulioanisha moja na jingine. Upande wa Bara, Mabaraza ya Wazee yaliyoundwa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa yanaweza kulibeba jukumu hilo hilo, badala ya kusubiri kuitwa kupokea wageni.

Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Kuzeeka kwa Afya ulianza 2021 na utamalizika 2030. Miaka miwili baadaye, ikiwa utaratibu wa kila miaka kumi utafuatwa, Tanzania itafanya sensa nyingine, na kila aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2022 atahesabiwa humo kuwa mzee. Wengi wao wameketi katika viti vya katikati vya ukumbi huu. Wanafunzi wa takwimu na wa ustawi wa jamii waliohudhuria wanaalikwa kuandaa kuanzia sasa maswali mawili yaliyotajwa, kuyajaribu katika shehia chache, na kuyapeleka kwa wanaoandaa dodoso wakati wino wake haujakauka.